Maua Yasiyofunguka

Wahenga waliposema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, hawakuwa wakimsifu mtu anayekunja mikono na kuondoka uwanjani. La hasha! Mshindani wa kweli ni yule ambaye akiangushwa hujua kwamba ameangushwa, akajipangusa vumbi, akatazama ni mguu gani uliomteleza, kisha akarudi. Anayeangushwa halafu akadai kwamba uwanja ndio ulioinama, huyo ataangushwa tena pale pale, kwa mwereka ule ule. Kipkemboi wa Keringet aliangushwa mara mbili kabla ya kulitambua hilo, na mara zote mbili aliulaumu uwanja.

Mwaka huo wa 1974, Kipkemboi alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na mitatu, mrefu, mkakamavu, mwenye sauti iliyosikika kutoka upande mmoja wa kilima hadi mwingine. Alikuwa kaimu katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa pareto, yale maua meupe ambayo hukaushwa na kupelekwa kiwandani Nakuru ili yatengenezwe dawa ya kuua wadudu. Wakulima walimpenda. Mtu akifika bandani na gunia lake na swali lake, Kipkemboi aliliweka gunia kwenye mizani na swali akalijibu mpaka likaisha. Hakuchoka wala hakufoka. Angemweleza bibi kizee asiyejua kusoma jinsi soko la pareto linavyokwenda, na bibi akaenda nyumbani akawaeleza wajukuu.

Lakini neno lile "kaimu" lilimkera kama punje ya mahindi iliyokwama kwenye jino. Halmashauri ya chama ilikuwa imekata shauri kwamba katibu kamili lazima awe na cheti cha kidato cha nne chenye somo la Biashara. Kipkemboi alikuwa na masomo mengine yote. Biashara haikufundishwa katika shule aliyosoma, kwa hiyo aliinunulia vitabu, akajisomea mwenyewe, na mwaka wa 1972 akafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alipata tisa. Mwaka uliofuata alirudia, akapata tisa nyingine. Kwa wasiojua mambo ya mitihani ya siku hizo, moja ndiyo iliyokuwa kichwa na tisa ndiyo iliyokuwa mkia.

Tisa ile ya kwanza ilipokuja, Kipkemboi aliikunja ile karatasi mara nne akaitia mfukoni. Mwenyekiti wa chama, Mzee Kahiga, alimkuta amejiinamia bandani.

"Imekuwaje, katibu?"

"Mzee, hawa watu wa Nairobi wamechanganya karatasi zangu na za mtu mwingine," Kipkemboi akasema. "Mimi najua nilichoandika."

Mzee Kahiga alimpenda Kipkemboi kama mwanawe wa kumzaa, naye hakuwa mtu wa kuweka neno chini ya ulimi. Jumapili hiyo hiyo aliwaambia wazee baada ya kanisa. Kufikia Jumatano, Keringet nzima ilijua kwamba katibu wao ameonewa. Tisa ya pili ilipofika, hakuna aliyeuliza kitu. Wakulima walitikisa vichwa wakasema watu wa mjini hawana utu. Kipkemboi aliandika barua mbili kali za malalamiko, na kwa kuwa uongo ukirudiwa sana hupata miguu, hata yeye mwenyewe akaanza kuuamini.

Ni mkewe tu, Chepngeno, aliyethubutu kumuuliza. Alimuuliza asubuhi moja akimmiminia chai.

"Baba Chebet, na kama hawakuchanganya?"

Kipkemboi alikunywa chai ikiwa moto, ikamchoma, akaondoka.

Huruma ya halmashauri nayo ilikuwa na mpaka. Katika kikao cha Machi walimwambia wazi kwamba wangengoja mkutano mkuu wa wanachama wa Aprili mwaka ujao. Akija na Biashara iliyofuzu, kazi ni yake. Akikosa, nafasi itatangazwa, na ilijulikana kwamba kuna bwana mmoja wa Molo mwenye cheti kilichokamilika ambaye alikuwa ameshaanza kusalimia wajumbe kwa majina. Kipkemboi alikuwa amekijenga chama kile kwa mikono yake tangu kikiwa na wanachama arobaini. Wazo la kumpa mtu mwingine ufunguo wa banda lilimnyima raha. Akapiga moyo konde, akaamua kutafuta mwalimu.

Mwalimu aliyempata Nakuru aliitwa Nasim. Alikuwa mwanamke wa makamo, wa familia ya Waislamu wenye asili ya Kihindi waliokuwa na duka la vitambaa mjini, lakini yeye vitambaa hakuvitaka. Alisomesha Biashara katika shule ya upili, aliwahi kusahihisha mitihani ya taifa, na kila Jumamosi saa nane alifundisha watu wazima katika darasa la kuazima. Lori la chama lilipeleka pareto kiwandani kila Jumamosi, kwa hiyo Kipkemboi alipanda mbele na dereva na kushuka Nakuru nguo zikinukia maua makavu.

Siku ya kwanza Mwalimu Nasim alimpa swali moja. Maswali yenyewe yalikuwa kwa Kiingereza, lakini sisi tutayasema kwa lugha yetu. Swali lilisema: eleza faida nne za ghala katika biashara. Kipkemboi alitabasamu, kwa sababu yeye ghala alilijua kama kiganja cha mkono wake. Aliandika kwa dakika tano akaiweka kalamu chini. Alikuwa ameandika hivi: ghala huhifadhi bidhaa, ghala huzuia uhaba, ghala huimarisha bei, ghala husaidia wenye viwanda. Basi.

Mwalimu Nasim alisoma, akageuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma. Hapakuwa na kitu.

"Bwana Kipkemboi, hii ni jibu ama ni orodha ya kwenda nayo sokoni?"

"Ni jibu, Mwalimu. Kuna moja ambayo si kweli?"

"Zote ni kweli. Umepata nne kwa kumi na mbili."

Kipkemboi aliruka kidogo kitini. "Nne! Hoja nne umeuliza, hoja nne nimekupa!"

"Sikuuliza hoja. Nimesema eleza." Alipiga mstari chini ya lile neno kwa penseli nyekundu. "Kila hoja ina alama tatu. Ukiitaja unapata moja. Hizi mbili zingine ni za kuieleza. Ghala inazuia uhaba. Sawa. Kwa nini? Namna gani? Hapa umeninyamazia kabisa."

Ndipo Kipkemboi akasema jambo ambalo alikuwa amelibeba moyoni tangu utotoni bila kujua kwamba amelibeba. "Mwalimu, huyo anayesahihisha ni mtu msomi, mtu mzima. Alitunga swali kwa sababu jibu analijua. Mimi nimwelezee nini? Kwetu sisi, ukimfafanulia mtu mzima jambo analojua, umemwambia hana akili. Mtu mzima unamgusia tu, yeye anamaliza mwenyewe."

Mwalimu Nasim hakucheka, ingawa nyuma kuna mtu alicheka.

"Hiyo ni adabu nzuri, na iende nyumbani," akasema. "Lakini mtahini hajakuja kwako kujua habari za ghala. Amekuja kujua kama wewe unazijua. Ukinyamaza, ataandika kwamba hujui. Sasa naelewa hiyo tisa yako imetoka wapi."

"Tisa zangu walichanganya karatasi."

"Mara mbili?"

Mwalimu Nasim alichukua karatasi safi akaandika juu yake maneno matatu, "Nimeshindwa kwa sababu", akamsukumia. "Malizia hii. Ukimaliza tutaanza kazi. Ukiwa bado unasema walichanganya, mimi sina kitu cha kukufundisha, maana huna makosa."

Uso wa Kipkemboi ulisawijika. Yeye, kaimu katibu, mtu wa kuamkiwa na wazee, aandikishwe toba kama mtoto mtoro mbele ya makarani na wauzaji wa madukani! Alikusanya vitabu vyake, akaaga kwa baridi, akaenda kulisubiri lori kando ya barabara. Jumamosi iliyofuata hakwenda, wala iliyofuata hiyo. Alimwambia Chepngeno kwamba mwalimu yule ana majivuno.

Ikafika Juni. Kiwandani Nakuru walikuwa wametoa onyo: pareto ya Keringet ilikuwa imechanganywa na maua ambayo hayajafunguka, na magunia ya namna hiyo yangerudishwa. Kipkemboi alichukua kipande cha mbao na rangi nyeusi, akaandika tangazo, akalipigilia misumari kwenye mlango wa banda. Liliandikwa kwa hati nzuri sana: KUANZIA JUMATATU MAUA YASIYOFUNGUKA HAYATAPOKELEWA.

Jumatatu ilipofika, zogo lilizuka. Wengine walikuwa wamedhani wanaambiwa magunia yao yasifungwe midomo, wakayaleta wazi, na upepo wa Keringet ukawamwagia nusu njiani. Wengine walidhani ni hila ya halmashauri ya kuwafukuza wenye mashamba madogo. Wengi walikuja na maua yale yale, machanga na makomavu pamoja, wakakuta yanakataliwa, wakakaa chini nje ya banda na kuapa kwamba hawaondoki. Katikati yao alisimama Wachuka, mjane mwenye ekari nne za pareto na mdomo usiojua kupumzika.

"Katibu!" akaita. "Hii kitu umeandika hapa, tumesoma. Umesema hayatapokelewa. Juma lililopita yalipokelewa. Kwa nini sasa hayapokelewi?"

Kipkemboi alitoka, akachukua konzi ya maua kutoka gunia la Wachuka, akayatandaza kiganjani.

"Mama, angalia hapa. Hili limefunguka, petali zake zimelala namna hii. Hili bado limejikunja. Dawa inayoua wadudu iko kwa hili lililofunguka, hilo lingine dawa yake haijakomaa. Kule kiwandani hawaangalii uzito peke yake, wanapima dawa. Ukichanganya, gunia lako zito litaonekana halina dawa, na kwa sababu tunapeleka pamoja, hata mwenzako aliyechuma vizuri atateremshwa daraja pamoja na wewe. Mnakumbuka yale magunia kumi ya upande wa mto yaliyorudi mwezi jana? Ni haya maua."

Watu waliguna. Mmoja akasema, "Kumbe!" Walianza kuinuka mmoja mmoja na kuyamwaga magunia yao kwenye turubai ili wachambue. Wachuka hakuinuka.

"Sasa mbona hukuandika hivyo?"

"Mambo haya mnayajua, mama. Ninyi ni wakulima. Mimi niwafundishe pareto?"

"Nani alikuambia tunajua? Ningejua ningebeba gunia mgongoni kutoka kule bondeni?" Wachuka alikuwa na hasira ya kweli, na machozi yalikuwa karibu. "Wewe Kipkemboi una shida. Ukiongea, mtu anaelewa mpaka anashiba. Ukishika kalamu, unakuwa kama mtu amekukaba koo. Unatuambia nini, hutuambii kwa nini."

Kipkemboi alibaki amesimama na maua kiganjani. Maneno ya yule mjane yalimpata kifuani, kwa sababu aliyasikia kwa sauti mbili, ya Wachuka na ya Mwalimu Nasim. Aliutazama ule ubao mlangoni. Kila neno lililokuwa juu yake lilikuwa la kweli, na halikuwa limemsaidia hata mtu mmoja. Alikumbuka majibu yake ya mwaka wa 1972, ya 1973, yale majibu mafupi aliyojivunia kwa kuwa hayakuwa na porojo. Aliona aibu, aibu ya mtu aliyewasingizia wengine wizi wa kitu alichokiangusha mwenyewe.

Jioni hiyo alimwomba Chepngeno karatasi moja kutoka daftari la mtoto. Chepngeno alimpa bila kuuliza.

Jumamosi alipanda lori. Alifika darasani wenzake wakiwa wameshaanza, akaenda moja kwa moja mbele, akaiweka ile karatasi mezani kwa Mwalimu Nasim. Ilisema: Nimeshindwa kwa sababu nilitaja badala ya kueleza. Hakuna aliyechanganya karatasi zangu. Niliogopa kumweleza mkubwa wangu anachokijua, na sikuwa nimefikiri kwamba hajui kama mimi najua.

Mwalimu Nasim alisoma, akasoma tena. "Hapa," akasema taratibu, "umetoa hoja na ukatoa sababu. Ingekuwa swali, ningekupa alama zote. Kaa chini."

Msidhani mambo yalinyooka tangu siku hiyo. Kipkemboi alikuwa mtu wa kuzama mzima mzima katika kila jambo, na sasa alizama katika kueleza. Alijizoeza kwa kumfikiria Wachuka amesimama mbele ya dawati, mikono kiunoni. Akiandika hoja, Wachuka anauliza kwa nini. Akitoa sababu, Wachuka anataka kuonyeshwa ni wapi jambo hilo limewahi kutokea. Kalamu iliyokuwa imekabwa koo ikafunguka ikawa haifungiki. Mwezi wa Agosti, Mwalimu Nasim alipowapa mtihani mzima wa majaribio, Kipkemboi aliandika kurasa saba juu ya usafirishaji wa bidhaa, akaanza na barabara ya Molo na matope yake, akaendelea mpaka reli na bandari. Saa ilipolia alikuwa amejibu maswali mawili kati ya matano.

"Haya," Mwalimu Nasim akasema, "umetoka kwa bubu ukaingia kwa kasuku. Hii ya usafirishaji imepata kumi na tisa kwa ishirini. Hizi tatu hujagusa zimepata ngapi?"

"Sifuri, Mwalimu."

"Basi umeshindwa tena. Kwa sababu gani?"

Safari hii Kipkemboi hakununa. "Kwa sababu nimempa swali moja muda wa maswali mengine. Maswali matano, saa mbili na nusu. Kila moja nusu saa. Dakika tatu za kupanga hoja, dakika ishirini na tano za kuandika, mbili za kusoma tena. Nusu saa ikiisha, navuka hata kama utamu umekolea."

"Umeona? Unajifundisha mwenyewe," Mwalimu Nasim akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Tangu hapo alifanya mazoezi kwa saa. Kila alfajiri kabla ya banda kufunguliwa, aliiweka saa yake ya mkononi juu ya meza na kuandika jibu moja kwa nusu saa, Chepngeno akikamua ng'ombe nje. Siku nyingine sentensi ilikatika katikati na yeye akaweka kalamu chini kwa uchungu. Septemba yote hakuwahi kumaliza. Oktoba akaanza kumaliza. Alijifunza kulitafuta neno la amri katika kila swali na kulipigia mstari kabla ya kuandika chochote. Taja, akataja, akapita. Eleza, akaeleza. Linganisha, akaviweka vitu viwili bega kwa bega, badala ya kusimulia kimoja mpaka kikaisha ndipo akaanza kingine.

Neno lililomtoa jasho kuliko yote lilikuwa "jadili". Mwalimu Nasim alimpa swali la kujadili umuhimu wa vyama vya ushirika, naye akaandika kurasa mbili za sifa tupu, zenye hoja, sababu na mifano ya kuvutia. Alirudishiwa zikiwa na alama tisa kwa ishirini.

"Jadili si kushangilia," Mwalimu akamwambia. "Upande wa pili uko wapi? Udhaifu hauna?"

"Mwalimu, hicho ni chama changu."

"Na hapo ndipo mtahini atajua kama unakijua kweli. Mtu anayejua kitu anajua hata mahali kinapovuja."

Kipkemboi alirudi nyumbani na jambo hilo likamsumbua njia nzima. Kusema ubaya wa chama kulikuwa kama kumsema mama yake mbele ya wageni. Alijaribu mara tatu, na kila mara udhaifu alioutaja ulikuwa wa chama cha mbali asichokijua. Chepngeno alipomwona anachana karatasi ya tatu, alisema tu, "Andika ukweli, Baba Chebet. Ukweli haukuui." Hakuweza. Mtihani ulimkuta jambo hilo bado halijakaa sawa.

Siku ya mtihani, mwezi wa Novemba, aliketi katika ukumbi mmoja mjini Nakuru pamoja na watahiniwa wengine, wengi wao wakiwa wadogo kwake kwa miaka kumi na mitano. Alisoma maswali yote kwanza na kupigia mstari maneno ya amri. Maswali manne yalimwendea vizuri, na kila nusu saa ilipokwisha alivuka bila kutazama nyuma. Kisha akafika la mwisho, ambalo lilikuwa la lazima: jadili nafasi ya chama cha ushirika katika maisha ya mkulima mdogo.

Faida aliziandika kwa dakika kumi na mbili, kila moja na sababu yake na mfano wake. Halafu akasita. Mkono wake wenyewe ulitaka kukimbilia kwenye kile chama cha mbali. Dakika mbili zilipotea hivyo, kisha nyingine moja. Kipkemboi akavuta pumzi, akaandika kwamba chama cha ushirika kinaweza kudhoofishwa na mawasiliano mabaya kati ya viongozi na wanachama, kwa sababu kiongozi hudhani kwamba wanachama wanajua anachokijua yeye. Akatoa mfano. Katika chama kimoja cha pareto, akaandika, katibu alibandika tangazo lisilotoa sababu, wanachama hawakulielewa, na asubuhi nzima ya kazi ikapotea. Lawama haikuwa ya wanachama. Ilikuwa ya katibu.

Alipoandika neno hilo la mwisho alijihisi mwepesi. Alimaliza zikiwa zimebaki dakika mbili, akasoma tena, akarekebisha tahajia ya maneno matatu.

Matokeo yalikuja kabla ya mkutano mkuu. Kipkemboi aliifungua bahasha peke yake nyuma ya banda. Biashara: tatu. Alikaa juu ya magogo akalia kidogo, kisha akaenda nyumbani kumwonyesha Chepngeno, ambaye alipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

Wanachama mia mbili na zaidi walikusanyika Aprili hiyo katika uwanja wa shule. Yule bwana wa Molo naye alikuja, amevaa tai. Mzee Kahiga alisimama, akainua cheti juu kila mtu akione, uso wake ukimeremeta kwa furaha.

"Mmeona!" akasema kwa sauti kubwa. "Niliwaambia! Miaka miwili wale watu walikuwa wanapoteza karatasi za mtoto wetu. Mwaka huu wamesahihisha yake mwenyewe, na mmeona amepata nini! Haki imepatikana!"

Makofi yalipigwa. Watu walipiga miluzi. Kipkemboi alikuwa ameketi mbele, na hakuna aliyemtaka aseme kitu. Kazi ilikuwa imeshamwangukia mikononi. Angenyamaza, angetoka pale katibu kamili na mtu aliyeonewa, na hakuna ambaye angejua siku zote za maisha yake. Akisema, huenda hawa hawa waliompigia makofi wakamgeuka, na bwana wa Molo alikuwa hatua kumi tu kutoka mezani. Alitazama upande wa Chepngeno, akainuka.

"Mzee, naomba unisamehe, nitakusahihisha mbele ya watu." Kisha akawageukia wanachama. "Hakuna karatasi iliyopotea. Mara ya kwanza nilishindwa. Mara ya pili nilishindwa. Nilishindwa kwa sababu sikujua kujibu swali. Mzee Kahiga aliwaambia maneno niliyompa mimi, na mimi nilimpa kwa sababu nilikuwa na aibu. Nimewadanganya kwa miaka miwili. Kama kwa hilo mtaona sifai, semeni sasa, kabla hamjapiga kura."

Mzee Kahiga alikuwa ameganda na cheti mkononi, na maumivu yalionekana wazi usoni mwake. Kisha akakiweka cheti mezani polepole.

"Wewe," akasema, "ungekaa kimya tu. Nani alikuwa anakuuliza?"

"Hakuna, mzee."

"Mimi nimezunguka kila nyumba na uongo wako." Akakitazama tena kile cheti. "Lakini mtu ambaye amesema hilo bila kuulizwa, mimi naweza kumpa ufunguo wa banda nikalala usingizi. Haya, wanachama. Wanaomtaka Kipkemboi, mikono juu."

Wachuka ndiye aliyekuwa wa kwanza. Akainua mkono na kuwageukia walio nyuma yake kuona ni nani anayesitasita. Mikono ikafuata, ya wale wa bondeni, ya wale wa upande wa mto, mpaka mhesabuji akachoka na kusema inatosha. Kumi na saba hawakuinua, na Kipkemboi hakuwalaumu. Walikuwa na haki yao. Yule bwana wa Molo alifungua tai yake, akaja mbele, akampa mkono.

"Mimi nimefanya mitihani mingi na sijawahi kuanguka," akamwambia. "Lakini leo sidhani ningeweza kufanya ulichofanya wewe."

Basi aliyeshindwa mara mbili akatoka pale na ufunguo, kwa kuwa aliyakiri maanguko yake yote mawili, kwanza kwenye karatasi na mwisho mbele ya watu. Wahenga hawakukosea: asiyekubali kushindwa si mshindani.